Shemeji, Toa Kitu!

Kuoa Ukuryani kuna raha zake, sizikatai. Lakini miaka yote hii nimekula kichuri ukweni, nikasifu na kurudia, na hakuna hata mtu mmoja aliyenidokeza kwamba ikifika Desemba barabara ya Nyamongo huwa na wenyewe.

Tulitoka Mwanza alfajiri: mimi, Mama Neema, watoto, na ndoo ya sato wa mama mkwe waliolazwa kwenye barafu. Bunda tukapita, Daraja la Kirumi tukavuka, Tarime Mjini tukanywa chai, kisha tukashika njia ya Nyamwaga. Hadi hapo sikuwa na lalamiko. Vilima vya vifusi vya mgodi wa dhahabu vilipoanza kuonekana, nikajua Matongo hiyo hapo, na kiti changu chini ya mwembe kinanisubiri. Tukakata kona. Barabara imejaa watu, kutoka mtaro hadi mtaro.

Vuvuzela, filimbi, matawi ya miti. Hatua tatu mbele, mbili nyuma. Jamaa mmoja mwenye ndevu kavaa gauni la maua, kajipaka unga usoni. Mwingine anarusha panga hewani na kulidaka, na kila akilidaka mimi nafumba macho. Katikati yao kuna kijana kajifunga kanga, miguu kaipanua, anakwenda kidogo kidogo, hacheki na mtu. Ndiye mwenye sherehe. Katahiriwa asubuhi hiyo, hakulia, na ukoo mzima unamrudisha nyumbani kwa miguu. Mtu katoka kukatwa sasa hivi, anatembezwa! Na mwenye gari aliye mzima hana ruhusa ya kumpita.

Nikapiga honi. Wakaipokea kama mchango wangu kwenye muziki.

"Mama Neema, hii ni nini?"

"Tohara, Baba Neema. Si mwaka unagawanyika kwa mbili?"

Alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mwenzake kuwa leo ni Jumapili. Kumbe Wakurya huwatahiri vijana wao Desemba ya miaka inayogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa. Walifanya 2022, na hiyo ya 2024 ndiyo tuliyokuwa tumeingia mzima mzima. Siku yenyewe wanaijua wazee wa mila, na kila koo ina wazee wake. Mimi mtu wa Usukumani ningeambiwa na nani, ikiwa mke ninayelala naye kanyamaza?

Kioo kikagongwa. "Shemeji!"

Nani kawaambia mimi ni shemeji? Mama Neema alikuwa ameshashusha kioo cha upande wake, anawajibu Kikurya huku anacheka.

"Shemeji, toa kitu! Kijana hakulia!"

Nikapapasa mfukoni nitafute buku. Hakuna. Kuna msimbazi mmoja tu, na kwenye tohara chenji haidaiwi. Nikautoa huku moyo unakataa. Yule wa gauni akaupeperusha juu watu wauone, akaubandika kwenye kanga ya kijana, yowe likapigwa, "Mura!" hapa na "Mura!" pale, nami nikawasha gari nikijua sasa njia itafunguka.

Wapi! Mtoa msimbazi huchezewa ngoma yake mwenyewe. Wakatuzunguka. Litungu likaletwa hadi dirishani, nyuzi zake nane zinanguruma mpaka kiti kinatetemeka. Nikageuka nimlalamikie mke wangu: hayupo. Yuko mbele ya boneti, kanga kiunoni, mabega yanarukaruka, na watoto wangu wawili wanamfuatisha. Ndani ya gari tumebaki mimi na sato, na barafu inayeyuka.

Jambo moja nililitazama vizuri, na hili silisemi kwa utani. Nilitafuta kama kuna msichana katika msafara ule, sikumwona, nikashusha pumzi. Ukeketaji umepigwa marufuku kisheria tangu 1998, na anayemkeketa binti aliye chini ya miaka 18 anafungwa kuanzia miaka 5 hadi 15. Hata hivyo kila msimu wapo mabinti wanaokimbia kwao kwenda kujificha kituo cha ATFGM Masanga. Neema wangu bado yuko shule ya msingi. Wavulana na watembezwe hadi Sirari wakipenda, nitazima gari nisubiri. Binti asiguswe.

Tulifika jioni. Mama mkwe akafunua ndoo, akanusa, akaifunika, akaniuliza habari za Mwanza. Samaki hakuwataja tena.

Msimu mwingine ni Desemba 2026. Mwenye safari ya Matongo asibebe samaki wabichi, na atafute chenji akiwa bado Tarime Mjini. Buku moja inatosha. Ukitoa msimbazi utalala njiani.