Utani wa Moto

Machi 2021, mazoezi ya jeshi la Uingereza yaliwasha moto Lolldaiga, Laikipia, nchini Kenya, ukala zaidi ya ekari 10,000. Askari mmoja akatania kwenye Snapchat kwamba wamechoma nyika na kuua tembo. Tutaambiwa utani wa kambini ni dawa ya uchovu, tena wafanyabiashara wa mji jirani wa Nanyuki wanakula kwa wageni hao. Sawa, askari asiyecheka ni bunduki yenye miguu. Ila utani hutaka watani wawili, kila mmoja na zamu yake ya kujibu; mfugaji aliyekohoa moshi hakupewa zamu, alipewa majivu. Jeshi linalojua kutenga risasi baridi na za moto halishindwi kutenga mizaha.