Oringi, Kinga ya Wakubwa

Mabibi na mabwana, mafundi na msio mafundi, nanyi wa ghorofa ya juu ambao hamjawahi kumwona anayewalinda: nimesimama kumsifu oringi.

Kwa asiyemjua, ni kile kipete cheusi cha mpira kinacholala kwenye mfereji mwembamba kati ya chuma na chuma, ili maji, mafuta au gesi vibaki vilikowekwa. Yumo kwenye jeki ya gereji na kwenye mikono ya buldoza. Yumo kwenye pampu ya kisima na kwenye valvu ya mtungi wa gesi jikoni kwako, na ndugu zake wakubwa wamefukiwa mtaani kwenye maungio ya mabomba ya maji. Yumo chini ya silivu za injini ya lori. Siku akishindwa huko, maji huingia kwenye oili, ukichomoa dipstiki unakuta chai ya maziwa. Katika kiwanda cha soda kinachonilisha mimi na wanangu, mashine ya kujaza chupa peke yake imebeba mamia yake, na mimi ndiye fundi ninayeamshwa usiku mmoja wao anapochoka. Kwa hiyo ninayemsifu namjua.

Sifa zake ndogondogo nitazipitia haraka. Ni mnyenyekevu: hukaa gizani maisha yake yote, na siku akionekana hadharani ujue kazi imesimama. Ana kumbukumbu: mkimaliza kujaza soda ya machungwa mkaanza ile isiyo na rangi, oringi aliyekwisha kufyonza harufu ya machungwa huendelea kuigawa kwenye chupa za wengine hata baada ya kuogeshwa kwa maji moto na dawa. Ni mkarimu, kwani akilegea hanyimi mtu, hata sakafu. Hana makuu kwa bei: pale Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, wengi wao huwapati kwa zaidi ya bei ya soda wanayoilinda.

Na ana tabia moja ambayo ningependa kuiona kwenye kamati zetu. Ukimkandamiza, hufanya kazi vizuri zaidi. Mfereji anamolala huchongwa mpana kidogo kuliko yeye. Presha ikija humsukuma hadi ukuta wa upande wa pili, hapo hubanwa, hutanuka kujaza upenyo wote uliobaki, na kadiri presha inavyopanda ndivyo anavyozidi kuziba. Aliyeufanya ujanja huo ukubalike viwandani ni Niels Christensen, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Marekani mwaka 1891, akapewa hataza ya oringi mwaka 1939 akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, serikali ya Marekani iliona kitu hicho ni cha lazima kwa jeshi, ikachukua haki za hataza, ikawaruhusu wenye viwanda wakitengeneze, na mzee akapewa dola 75,000 za mkupuo. Tangu utotoni basi oringi amezoea kuwanufaisha watu ambao hawakuhangaika naye.

Lakini hayo yote ni vumbi mbele ya fadhila yake kuu, iliyonitoa nyumbani leo. Oringi hubeba lawama.

Naomba mtafakari ukubwa wa kipaji hiki. Kipete ambacho mara nyingi hakifiki hata gramu moja hubeba, kwa mpigo na bila posho, uamuzi wa meneja wa uzalishaji, usingizi wa mkaguzi, ubahili wa mhasibu na semina ya mkurugenzi. Hakuna winchi bandarini inayoinua mzigo kwa uwiano huo. Mashine ikisimama, ripoti huandikwa papo hapo: “Chanzo: oringi imekatika.” Kikao kinafungwa kwa sala, watu wanakwenda kula. Haandikiwi barua ya kujieleza, hivyo haijibu. Hana chama cha wafanyakazi. Hana mjomba wizarani. Hatoki kwenye kikao akanong'ona korido nzima kwamba alishawaambia. Ukimsingizia mtu, atakulaani, na keshokutwa mkewe atakuwa getini na watoto wote. Oringi unamtupa kwenye pipa, na mrithi wake anaingia kazini jioni ileile bila kuuliza mwenzake aliondokaje.

Napendekeza kwa hiyo aajiriwe rasmi, ngazi ya mshahara ya watumishi waandamizi, cheo Mkurugenzi wa Lawama. Ofisi yake iwe kopo la grisi, kwa kuwa yeye hadai kiyoyozi. Kila wizara, kila halmashauri, kila bodi iwe naye mmoja juu ya mto mwekundu katikati ya meza ya mkutano, na kabla ya ajenda ya kwanza wajumbe wasimame wamwinamie. Daraja likibomoka kabla ya kukatiwa utepe, apelekwe mbele ya waandishi wa habari. Mtihani ukivuja, nani mwenye uzoefu kuliko yeye, ambaye kuvuja ni fani yake? Umeme ukikatika kuanzia pwani hadi ziwani, apigwe picha akiwa ameshikwa kwa vidole viwili, upande wa nyuma kuwe na bendera. Tume za uchunguzi hazitahitaji magari wala hoteli. Zitakutana asubuhi, zitamkuta na hatia, na saa nne watu watakuwa kwenye chai. Akistaafu apewe saa ya ukutani kama wengine.

Msidhani natania. Kazi hii ameshaifanya hata siku ambayo hakuwepo.

Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 855, iliruka kutoka Miami kwenda Nassau ikiwa na injini tatu na watu 172. Kabla ya safari mafundi walikuwa wamebadilisha, kwenye kila injini, kifaa kidogo chenye sumaku cha kunasa chembe za chuma ndani ya oili. Kila kifaa hukaa na oringi mbili. Mafundi walizoea kupokea vifaa hivyo vikiwa vimeshavishwa pete zake. Safari hiyo havikuvishwa, na vikafungwa hivyohivyo, vikasainiwa hivyohivyo. Angani oili ikamwagika. Marubani wakazima injini ya kati baada ya presha yake ya oili kushuka, wakageuza kurudi. Kisha zile mbili za pembeni zikafa, moja baada ya nyingine, bahari ikiwa chini yao. Ndege ikawa inashuka bila injini hata moja mpaka walipofanikiwa kuiwasha tena ile ya kati, wakatua Miami, wote wazima. Wachunguzi waliandika kwamba mafundi hawakufuata utaratibu. Waliandika pia kwamba shirika lilishapata visa vingine vya namna hiyo kabla ya hapo na halikuvikomesha. Lakini mtajie kisa hiki mtu wa ndege, neno la kwanza kumtoka kinywani litakuwa oringi. Wengine hulaumiwa kwa waliyotenda. Huyu alilaumiwa kwa kutofika kazini siku ambayo hakuna aliyemwita.

Na kilele cha utumishi wake ni asubuhi ya tarehe 28 Januari 1986, katika chombo cha anga cha Challenger. Roger Boisjoly, mhandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza maroketi ya pembeni, alikwisha kuandika Julai 1985 akionya kwamba shida ya oringi isiposhughulikiwa itaangamiza watu. Usiku wa kuamkia safari, yeye na wenzake walibishana na wakubwa kwa simu: mpira ukipoa hupoteza wepesi wa kurudi kwenye umbo lake, chombo kilichowahi kuruka katika baridi kubwa kuliko vyote kiliruka kwenye nyuzijoto 12, na kesho Florida itaganda. Kampuni ikashauri safari iahirishwe. Watu wa NASA wakang'aka. Wakubwa wa kampuni wakaomba muda wa kuteta pembeni, na huko mmoja wao akamwambia makamu wa rais wa uhandisi avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Akaivaa. Asubuhi ilikuwa nyuzijoto kama 2. Sekunde 73 baada ya kupaa chombo kikasambaratika, na watu saba wakaenda na maji.

Baadaye, katika kikao cha tume iliyochunguza ajali hiyo, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira uleule, akakibana kwa klampu, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokitoa na kukiachia, hakikurudi upesi katika umbo lake. Kamera zilikuwa zinachukua. Tume yenyewe iliandika bila kuficha kwamba namna uamuzi wa kurusha ulivyofikiwa ilikuwa na kasoro kubwa, ila nani anaukumbuka ukurasa huo? Kilichobaki vichwani mwa watu ni glasi na mpira. Ile kofia haikutumbukizwa kwenye maji ya mtu yeyote.

Kiwandani kwetu hatujaua mtu, tunaua zamu tu. Lakini kofia zipo.

Mjue kwamba oringi si mmoja. Yupo wa naitrili, anayestahimili oili na petroli. Ukimpeleka kwenye mvuke hukauka, huwa mgumu, hupasuka. Yupo wa EPDM, anayependa maji moto, mvuke na magadi makali ya kuoshea; ukimpaka mafuta ya mashine huvimba mpaka hatoshei tena kwenye mfereji wake. Yupo wa silikoni, na yupo Viton, mwenye bei ya kuumiza na moyo wa kustahimili joto. Wale wawili wa kwanza kwa kawaida wote ni weusi, wote mviringo, na ukiwamwaga mezani hata mimi siwatofautishi kwa macho. Ndiyo maana fundi akiomba huandika aina, kipenyo na unene. Niliandika. Niliandika kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini: EPDM, ya chakula, kwa laini ya maji moto.

Ombi likaenda Idara ya Ugavi. Idara ikataka proforma tatu, kwa kitu cha bei ya soda. Proforma zikapatikana, kamati ikakosa akidi kwa sababu wajumbe walikuwa kwenye warsha ya ununuzi bora, na kila nilipopita kuuliza nikaambiwa mchakato unaendelea. Mchakato! Laini imesimama, vibarua wa mchana wamerudishwa nyumbani bila ujira, malori yamepanga foleni nje hadi barabarani, na mchakato unaendelea! Ulipokwisha kuendelea, wakaniletea mfuko wa nailoni umeandikwa kwa kalamu: “oringi nyeusi, saizi mchanganyiko”. Naitrili mtupu. Nikampelekea Afisa Ugavi mkononi. Akaibonyeza moja kwa kidole gumba, akatabasamu. “Fundi,” akaniambia, “mpira ni mpira.”

Na zile chache nzuri zilizokuwa zimebaki stoo? Zilitundikwa msumarini, zimevutika kwa uzito wake zenyewe, jua la dirishani likizipiga tangu asubuhi, na pembeni mota ya kompresa ikitema ozoni, ambayo ni sumu kwa aina nyingi za mpira. Mtunza stoo hakosi. Hakuna aliyewahi kumwambia, na kabati lenye mlango alilokuwa nalo lilihamishiwa ofisini kwa mtu kuwekea vikombe vya ushindi wa mashindano ya mpira. Wa miguu.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Basi naitrili tukazifunga, maana kukataa kungekuwa kukwamisha uzalishaji, na mwenye kukwamisha uzalishaji huandikiwa barua, yeye akiwa na mkono wa kuipokea. Zikafanya kazi kwa uaminifu kadiri ya uwezo wao hadi mvuke ulipozimaliza, na maji ya moto yakatoka pale ambapo kijana wangu alikuwa amesimama dakika chache kabla, kabla hajaitwa kwenye simu. Kikao kikaitishwa. Meneja akaeleza kwa masikitiko kwamba oringi imekatika. Mhasibu akaafiki. Afisa Ugavi akasema mipira ya siku hizi haina ubora, tofauti na ya zamani, na wote wakatikisa vichwa kama waliofiwa. Mimi nikaombwa nisome ripoti kwa kuwa mwandiko ni wangu.

Fomu yetu ya hitilafu ina sehemu ya chanzo, yenye visanduku vya kuweka alama: oringi au sili, beringi, umeme, mwendeshaji, mengineyo. Niliandika kwa adabu kuomba kiongezwe kisanduku kimoja, cha ununuzi. Jibu lilikuja kwa barua yenye muhuri, kwa haraka ambayo sijawahi kuiona katika jengo lile. Lilisema wazo ni zuri na limepokelewa, isipokuwa fomu zimeshachapishwa nyingi, kwa hiyo zitumike kwanza hadi ziishe, na kwamba kwa sasa, ikiwa nina jambo la ziada, nitumie “mengineyo”. Nimekwenda kuzitazama hizo fomu stoo. Zimepangwa juu ya mbao, zimefunikwa turubai, mbali na jua na mbali na mota.