Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Tex Rickard, Promota Mkuu

Kwa: Mheshimiwa George Lewis "Tex" Rickard,
Promota, Madison Square Garden, New York
(sasa: huko alikopumzika tangu Januari 6, 1929)

YAH: OMBI LA KUONDOA JINA LA WATAZAMAJI KATIKA KISINGIZIO CHA MSTARI WA RANGI



Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Kabla sijafika kwenye ombi, niruhusu nitimize wajibu wa adabu, nao ni kukusifu. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini wewe ulishafunga kazi, kwa hiyo sifa hazina tena cha kuharibu. Mimi ni mtu wa viti vya nyuma, mmoja wa wale mliotuita "umma" kila mlipohitaji mtu wa kubebeshwa lawama.

Sifa ya kwanza ni Goldfield. Mwaka 1906, katika mji huo wa wachimba dhahabu jimboni Nevada, ulikuwa mwenye baa tu, hujawahi kuandaa pambano kubwa la ngumi. Ukamkutanisha Joe Gans, bingwa mweusi wa uzito mwepesi, na Battling Nelson, mzungu mzaliwa wa Denmark. Ukachukua sarafu za dhahabu za dola 30,000 ukazipanga dirishani mwa benki ili wapita njia wazione na magazeti yaandike. Yakaandika. Watu wakamiminika, wakakaa juani Septemba 3 mpaka raundi ya 42, Nelson alipopiga chini ya mkanda na Gans akapewa ushindi. Kwamba bingwa aliyeshinda alilipwa kidogo kuliko mzungu aliyeshindwa, hilo naliacha. Si adabu kumhesabia mtu pesa mbele za watu. Nakumbusha tu, kwa unyenyekevu, kwamba pambano lililokutoa kaunta ya baa na kukuingiza kwenye historia lilikuwa la mtu mweusi na mtu mweupe. Na tulilipa.

Sifa ya pili ni Reno. Mwaka 1892 John L. Sullivan alitangaza kwamba yuko tayari kupigana na yeyote, ilimradi si mweusi. Tangu hapo ubingwa wa uzito wa juu ukawa mali ya rangi moja; huo ndio mstari wa rangi. Peter Jackson alikuwa amepigana raundi 61 na James Corbett mwaka 1891 bila mshindi kupatikana. Corbett akapewa nafasi ya kugombea taji, akalitwaa, Jackson hakupewa. James Jeffries naye alistaafu mwaka 1905 bila kumruhusu mweusi hata mmoja kuligombea. Jack Johnson, mweusi, alilazimika kumfuata bingwa Tommy Burns mpaka Sydney, Australia, na Burns alikubali kupanda ulingoni baada ya kuahidiwa dola 30,000. Desemba 26, 1908, Johnson akalitwaa taji, mstari ukavukwa, na aliyelipia kivuko ni mwenye pesa.

Ndipo ukaingia wewe, Mheshimiwa, na dola zako 101,000, ukamtoa Jeffries kwenye kustaafu kwake. Gavana wa California alipokataza pambano lisifanyike San Francisco, ulihamia Reno na kusimamisha uwanja katika muda wa wiki chache. Alipokosekana mwamuzi wa kukubaliwa na pande zote, uliingia ulingoni mwenyewe kuamua. Julai 4, 1910, Johnson alimmaliza Jeffries katika raundi ya 15 mbele ya maelfu. Sikufichi: wengi wetu siku ile tulikuja tukitamani Johnson aanguke. Tulikuja kwa nia mbaya, lakini tulikuja. Na tulilipa.

Usiku ule watu weusi walishambuliwa katika miji mingi ya Marekani, na wapo waliouawa. Wauaji walitoka miongoni mwetu, na hilo hatulikani. Mwaka 1912 Bunge la Marekani likapiga marufuku kusafirisha filamu za ngumi kutoka jimbo moja hadi jingine, ili watu wasiendelee kumwona Johnson akimpiga mzungu. Wewe ulikwenda Paraguay kufuga ng'ombe. Ulikuwa uamuzi wa busara, maana ng'ombe hawaulizi nani apigane na nani.

Uliporudi, mambo yalikuwa yamenyooka. Jess Willard, mzungu, alikuwa amempiga Johnson mjini Havana Aprili 5, 1915, na mstari ukachorwa upya siku zile zile. Julai 4, 1919, chini ya usimamizi wako mjini Toledo, Jack Dempsey alimvunjavunja Willard, na kabla jasho halijakauka akatangaza kwamba hatawapa nafasi mabondia weusi. Ukamfanya Dempsey mgodi. Pambano lake na Georges Carpentier, Julai 2, 1921, huko Jersey City, liliingiza zaidi ya dola milioni 1.7; ngumi hazikuwa zimewahi kuona milioni moja mlangoni. Nakuvulia kofia.

Samahani sasa kwa kulitaja jina la Harry Wills. Najua halikukupendeza. Alikuwa mtoto wa New Orleans, mkubwa wa mwili, aliyetokea kwenye kazi za bandarini, na kwa miaka kadhaa yeye ndiye aliyestahili kuwa mpinzani wa kwanza wa Dempsey. Mikataba ilitiwa saini mwaka 1922, ikalala. Mwaka 1925 promota mwingine akajaribu. Inasimuliwa kwamba Wills alipata dola 50,000 na pambano halikufanyika. Tume ya Riadha ya Jimbo la New York, kwa msukumo wa kamishna wake James Farley, ilishikilia kwamba Dempsey akutane na Wills kwanza. Ubishi huo ulichangia kuhamisha pambano la Dempsey na Gene Tunney mpaka Philadelphia, Septemba 23, 1926. Watu wapatao 120,000 walimwona Dempsey akipoteza mkanda. Mkanda ukaondoka mikononi mwake bila Wills kuugombea hata mara moja.

Kila ilipoulizwa kwa nini Wills hapewi nafasi, jibu lenu lilikuwa lile lile: watu hawataki, kutamwagika damu, mmesahau Reno? Kwa heshima na taadhima, naomba kuuliza kuhusu Septemba 1924. Mwezi huo, Jersey City, wewe mwenyewe ulimpandisha Wills ulingoni na Luis Firpo wa Argentina, mzungu yule yule aliyekuwa amemtupa Dempsey nje ya kamba mwaka mmoja kabla. Watu walijaa. Wills alimtawala Firpo raundi 12, watu wakaenda zao nyumbani, kesho yake wakaamkia kazini. Ikiwa tuliweza kumwangalia Wills na Firpo, ni maradhi gani yangetupata kwa kumwangalia Wills na Dempsey? Naona tofauti moja tu. Firpo hakuwa na mkanda. Dempsey alikuwa nao, na mkanda ulikuwa mtaji wako; Wills angeweza kuuchukua, na ungelazimika kuanza biashara upya.

Usinielewe vibaya. Ugonjwa huu wa kuwakwepa mabondia weusi haukuwa wa wazungu peke yao. Johnson mwenyewe alipokuwa bingwa aliwakwepa Sam Langford, Joe Jeannette na Sam McVey, kwa hesabu kwamba pambano la weusi wawili haliuzi. Mwaka 1913, Paris, alitetea mkanda mbele ya bondia mweusi mmoja tu, Battling Jim Johnson, wakatoka sare. Lakini ni Paris hiyo hiyo ambako Jeannette na McVey walikuwa wamepigana raundi 49 mwaka 1909, na watazamaji walikuwapo. Hesabu ilikuwa mbovu hata ilipokokotolewa na mtu aliyeumizwa nayo. Langford, ambaye wengi wanamhesabu kuwa bondia bora kuliko wote waliokosa nafasi ya kugombea taji la dunia, alipigana na Wills zaidi ya mara kumi na tano, kwa sababu waliofungiwa nje hawakuwa na mwingine wa kupigana naye. Alikuja kuwa kipofu na maskini huko Harlem, ambako mwandishi wa gazeti alimkuta mwaka 1944.

Na mstari ulifutwaje, Mheshimiwa? Hukubahatika kuona. Aliyeufuta ni Mike Jacobs, promota aliyejifunza biashara kwa kuuza tiketi za mapambano yako. Ili James Braddock ampe Joe Louis nafasi, Jacobs aliwaahidi watu wa Braddock fungu la faida yake kwa miaka kumi. Juni 22, 1937, Chicago, Louis akawa bingwa wa kwanza mweusi wa uzito wa juu tangu Johnson, baada ya miaka 22. Umma haukuwa umetubu kati ya 1936 na 1937. Kilichobadilika ni kwamba promota mmoja alipiga hesabu na kuona faida.

Ndiyo maana naleta ombi moja dogo. Sisi wa viti vya nyuma tuna dhambi zetu, na za Julai 1910 ni nzito, hatuombi kuoshwa. Tunaomba tu jina letu liondolewe kwenye uamuzi ambao hatukuufanya. Goldfield tulilipa, Reno tulilipa, na kwa Wills na Firpo tulilipa. Kwa Wills na Dempsey mlangoni hakukuwa na tiketi ya kununua. Tafadhali andika kwa mkono wako kwamba aliyekataa ni mwenye kuuza, ili promota wa leo anayemficha bondia wake kwa kusema "mashabiki hawalitaki pambano hilo" ajue kwamba maneno hayo yana mwenyewe, na mwenyewe ni wewe.



Wako mtiifu,
Mtazamaji wa viti vya nyuma

Nakala kwa:
1. Bw. Harry Wills, kwa taarifa.
2. Bw. Sam Langford. Tafadhali asomewe.