Mwongozo wa Kuikumbuka Pesa Uliyoisahau

Kuna mwongozo unaopita mdomo kwa mdomo miongoni mwetu Waswahili tunaoishi Uingereza. Utausikia nje ya msikiti, nje ya kanisa, na jikoni siku ya harusi. Ni mfupi mno. Ukigundua una akiba uliyoisahau benki, na huku unapokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali, nyamaza. Ukiona kunyamaza hakutoshi, hamishia pesa kwa mdogo wako. Ukija kuulizwa, sema ulisahau. Hatua tatu, na kila moja inamzamisha mtu kuliko iliyotangulia. Naandika mwongozo mwingine, mrefu kidogo, kwa sababu nimechoka kuona watu waaminifu wakiangukia deni la maelfu ya pauni kwa ushauri wa watu ambao siku barua ya Idara ya Kazi na Pensheni (DWP) ikifika hawapokei hata simu.

Vifaa vinavyohitajika: sanduku la makaratasi ya zamani, kalamu, na saa moja watoto wakiwa shule.

Anza na sanduku. Kusahau si kosa, na wala si aibu. Mtu alifanya kazi ya usafi usiku alipofika nchini, akafunguliwa akaunti, kazi ikaisha, akahama nyumba mara nne, barua za benki zikaendelea kwenda kwa mpangaji mwingine. Tafuta kadi iliyokwisha muda, kijitabu cha akiba, hati ya Premium Bonds. Usipopata kitu, kuna huduma iitwayo My Lost Account, inayotafuta akaunti zilizopotea katika benki, katika taasisi za akiba na nyumba, na katika benki ya akiba ya serikali, NS&I. Ni bure, kwa hiyo atakayekutoza ada kukutafutia akaunti yako anakula jasho lako. Akaunti isiyoguswa kwa miaka 15 inaweza kuhamishiwa mfuko maalumu kwa sheria ya mwaka 2008, lakini haki ya mwenyewe haifi. Ukienda na uthibitisho, unalipwa.

Usisahau watoto. Aliyezaliwa Uingereza kati ya tarehe 1 Septemba 2002 na 2 Januari 2011 huenda ana akaunti ya Child Trust Fund, ambayo kwa wengi serikali iliianzisha kwa vocha ya pauni 250. Pale mzazi ambapo hakuifungua, serikali yenyewe ilimfungulia mtoto, na ndiyo maana vijana wengi hawajui kama wanayo. Fedha hiyo ni ya mtoto na haihesabiwi kwenye akiba ya mzazi. Akifika miaka 18 inakuwa mikononi mwake, na akiomba Universal Credit kwa jina lake, yeye ndiye wa kuitaja. Kama una kijana wa umri huo nyumbani, mwambie jioni hii.

Sasa chukua kalamu, maana hapa ndipo hofu inapowatesa watu bure. Universal Credit ina mistari miwili. Akiba isiyozidi pauni 6,000 haipunguzi chochote. Akiba iliyozidi pauni 16,000 inakutoa kwenye msaada huo. Katikati, kila pauni 250 zilizozidi 6,000, au sehemu yake, zinakupunguzia pauni 4.35 kwa mwezi. Tuseme umekuta jumla yako ni pauni 7,300. Umezidi kwa 1,300, yaani mafungu matano kamili na kipande, na kipande huhesabiwa fungu zima. Mafungu sita mara 4.35 ni pauni 26.10. Hicho ndicho kinachowakosesha watu usingizi: pauni 26 na peni kumi kwa mwezi. Mume na mke wanaodai pamoja huunganisha akiba zao, na mistari inabaki ileile. Kwa wazee wanaopata Pension Credit mambo ni nafuu zaidi, kwani kwao hesabu inaanza baada ya pauni 10,000, na hakuna kikomo cha juu.

Kisha jiulize pesa iliyomo ni ya nani. Mwongozo wa vichochoroni hauligusi swali hili, nalo ndilo linalotuhusu kuliko jirani zetu Waingereza, kwa sababu sisi tunashikiana fedha. Dada mmoja anaaminiwa na wenzake kumi, upatu unapitia akaunti yake. Ndugu mwingine anapokea michango ya msiba ili maiti isafirishwe Dar es Salaam au Mombasa, na kwa siku chache akaunti yake inanona kuliko ilivyopata kunona. Kisheria, pesa unayoishika kwa niaba ya wengine si akiba yako. Lakini afisa anayetazama taarifa ya benki haoni msiba wala upatu, anaona tarakimu na jina lako juu yake. Kwa hiyo weka daftari: jina la aliyetoa, tarehe, kiasi, na pesa ilikokwenda. Hifadhi ujumbe wa kundi la simu ulioitisha mchango na risiti ya kampuni ya mazishi. Ikiwezekana, upatu na michango iwe na akaunti yake peke yake. Mweka hazina asiye na daftari atakuwa na kazi ngumu ya kujieleza, hata kama hajala senti ya mtu.

Mali ya nyumbani nayo inahesabika. Kiwanja ulichonunua Kigamboni mwaka ule wa kazi nyingi, nyumba ya kupangisha Nyali, akaunti ya benki Zanzibar, vyote ni mtaji, na kuwa mbali hakuviondoi kwenye hesabu. Nyumba au kiwanja hupimwa kwa bei ya soko, kisha hupunguzwa asilimia 10 kwa gharama za kuuza, pamoja na deni lililowekewa mali hiyo kama dhamana. Ila kuna msamaha ambao watu wengi hawaujui: nyumba anayoishi jamaa yako wa karibu, kama mama au baba, haihesabiwi ikiwa amefikia umri wa pensheni au ana maradhi yanayomzuia kufanya kazi. Uliyemjengea mama nyumba, usiifiche. Itaje, na utaje na msamaha wake.

Ukishajua una nini, sema. Ingia kwenye akaunti yako ya Universal Credit mtandaoni, nenda sehemu ya kuripoti mabadiliko, andika ulichokuta, lini ulikikuta na lini akaunti ilifunguliwa, kisha ambatisha taarifa ya benki. Kama mtandao unakushinda, piga simu na uombe mkalimani wa Kiswahili, na uandike tarehe na saa ya simu hiyo. Usingoje barua. Mwaka 2025 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayoiruhusu DWP kuzitaka benki ziainishe akaunti za wapokeaji zinazoonyesha dalili za kuvuka viwango. Yule bingwa wa kunyamaza hajapata habari hii.

Na ile hatua yake ya pili? Kumhamishia mdogo wako pesa ili ubaki maskini wa makaratasi kunaitwa kujinyima mtaji kwa makusudi, na DWP inaweza kukuhesabia pesa ile kama bado unayo. Utakuwa umeitoa, na msaada umepungua vilevile. Kulipa deni halali, au kununua kitu ambacho mtu wa hali yako angekihitaji, hakuhesabiwi hivyo. Lipa kodi ya nyumba uliyochelewesha, nunua friji, tunza risiti.

Tuseme kweli sasa: huenda ukadaiwa. Kama akiba ilikuwapo wakati unapokea msaada, kilichozidi kinaweza kurudishwa, hata pale ambapo kosa lilikuwa la ofisi. Ukizembea kuripoti unaweza kuongezewa faini ya pauni 50. Ukibainika ulidanganya, faini inaweza kufika nusu ya ulichozidishiwa, isipungue pauni 350 wala kuzidi 5,000, na kesi nzito huenda mahakamani, ambako sheria ya mwaka 1992 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 7. Umbali kati ya aliyesahau na aliyeficha ni mkubwa, na unapimwa kwa siku zilizopita tangu ulipojua hadi ulipotamka.

Deni likija, usilikubali kabla ya kulikagua. Kuna kanuni ya mwaka 2013 ambayo barua inaweza isikueleze vizuri. Ukizidishiwa kwa sababu ya akiba, basi katika kukokotoa deni, kila baada ya miezi mitatu akiba yako huchukuliwa kuwa imepungua kwa kiasi ulichozidishiwa, kwa kuwa ungenyimwa msaada ungeila akiba hiyo. Mtu mwenye pauni 17,000 aliyekuwa akilipwa 900 kwa mwezi anadaiwa 2,700 za miezi mitatu ya mwanzo. Baada ya hapo akiba yake inahesabiwa kama 14,300, chini ya kikomo, na deni la kila mwezi katika miezi mitatu inayofuata linashuka hadi pauni 147.90. Kwa mwaka mmoja tofauti hiyo ni maelfu. Uliza kama imetumika. Kama hukubaliani, una mwezi mmoja wa kuomba uamuzi uangaliwe upya, na baada yake unaweza kukata rufaa kwenye baraza huru. Ukishindwa kulipa kwa kiwango walichopanga, omba kipunguzwe, na uwaonyeshe matumizi ya nyumbani.

Nina neno pia kwa waliotunga mistari hii. Viwango vya 6,000 na 16,000 ni vya mwaka 2006. Universal Credit ilipoanza mwaka 2013 ilivirithi kama vilivyo, na mpaka leo havijasogezwa, wakati kodi ya nyumba, mkate na nauli vimepanda sana. Mfanyakazi aliyejibana akaweka cha kumfaa siku ya ugonjwa anaadhibiwa kwa kipimo cha miaka ishirini iliyopita. Hilo ni kosa, na la kulisemea kwa mbunge wako ni hilo. Kuficha akaunti hakutalirekebisha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, fungua sanduku wiki hii. Ukikuta kitu, peleka taarifa ya benki na daftari lako kwenye shirika la ushauri la Citizens Advice kabla hujamsikiliza mtu yeyote wa jikoni. Hawatozi ada, na unachowaeleza hawakipeleki DWP bila ruhusa yako.