Pampu Inayoomba Maji

Tangu leo asubuhi watoto wa ghorofa ya jirani wananiita Anko Povu. Stima ilipotea nikiwa bafuni, tangi likakauka, nikatoka uani na taulo kiunoni na shampuu kichwani nikapige pampu ya mkono. Nikaukandamiza mpini. Pampu ikakohoa. Nikaongeza bidii, ikatoa sauti ambayo mtu mzima haitoi mbele ya wakwe. Balkoni zikaanza kujaa.

"Anko, unajaza kisima upepo?"

Wala mtoto huyo hakukosea sana. Pampu hii, nimekuja kujua, haivuti maji. Pistoni ikipanda huacha nafasi tupu ndani ya bomba, na hewa ya nje, kwa uzito wake, huyakandamiza maji kisimani hadi yapande yenyewe kujaza pengo. Torricelli alilieleza jambo hilo mwaka 1644, na mimi bado linanistaajabisha: tunaishi chini ya hewa nzito kiasi cha kuinua maji mita 10 hivi. Lakini hizo ni mita za Mombasa. Huku Syokimau, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Hata pampu isiyo na kasoro haifikishi mita 9, na yangu ikifika 6 nashukuru. Maji ya mfereji tunapunjwa, barabara tunapunjwa, kumbe hata hewa!

Kisha kuna ile washa ya ngozi kwenye pistoni. Pampu ikikaa bila kazi, ngozi hukauka na kusinyaa, hewa ikapenya pembeni. Dawa yake ni kumimina maji juu yake ilowe, ivimbe, izibe. Yaani ili upate maji, uwe na maji.

"Mama Brayo," niliita juu, jicho moja limefumba, "naomba kikombe cha maji."

"Ya kunywa, Baba Mutheu?"

"Ya kunywesha pampu."

Kicheko kilipotulia akashuka na chupa ya maji ya dukani, kifuniko hakijafunguliwa. Pampu yangu ikanywa maji ambayo mimi huyanunua wageni wakija.

 

Lakini si sisi pekee tunaokatikiwa stima. Tarehe 25 Agosti 2023 ilipotea karibu nchi nzima, na uwanja wa ndege wa JKIA, jirani yetu ambaye taa zake tumezoea kuzitazama tukiwa gizani, nao ukaonja: jenereta moja ilikataa kuwaka. Waziri aliomba radhi kwa abiria. Juni 2016 ilikuwa tumbili, aliyeanguka juu ya transfoma katika kituo cha Gitaru akaizimia Kenya nzima. Tumbili alipona, akakabidhiwa wahifadhi wa wanyamapori, na taifa likajulishwa hali yake. Sisi wa Syokimau hatujawahi kuulizwa hata kama tumeoga.