Kidole cha Injinia

Wenzangu mnaoishi na mashemeji mtanielewa. Hapa kwetu Mbagala sebule si yangu wala ya Mama Nasra. Ni ya Injinia, mdogo wake. Uinjinia hajausomea popote. Jina alipewa na mama yao, Bibi Feri, siku alipofumua redio ya marehemu mzee akairudisha ikiongea, ingawa skrubu kadhaa zilibaki mezani. Tangu siku hiyo hashikiki. Mwaka huu amehamia kwenye samaki. Kaokota vioo, kanunua silikoni na pampu ya hewa, kapakia madumu ya maji ya bahari kwenye bajaji kutoka Kigamboni. Tuliposhtuka, palipokuwa na runinga pana tangi la maji ya chumvi lenye mawe, kangaja wawili na tasi mmoja mkorofi. Runinga imehamia chumbani kwa Bibi Feri, na sikuona haja ya kubishana.

Jumapili moja Injinia alikuwa anakuna nazi, maana mama mkwe wangu wali mkavu hali. Meno ya mbuzi yakamchana kidole cha shahada. Akajiviringishia kitambaa, akaendelea na mambo yake. Wali haujaiva, jiwe likaporomoka ndani ya tangi. Huyo, kashavua kitambaa, kakunja mkono wa shati, anataka kuzamisha mkono hadi kiwiko. Mama Nasra alipiga ukelele mpaka jirani akachungulia uani.

"Mwache mwenzio," Bibi Feri akasema. "Maji ya bahari dawa. Baba yenu alikuwa akikatwa na mshipi anaosha hukohuko ngalawani."

"Mama, hii siyo bahari. Humu samaki wanakula na kunya humuhumu."

Mke wangu kazi yake maabara, na akianza kueleza vijidudu hata paka hutulia. Chumvi ya bahari, takriban gramu 35 kwa lita, haiwaui bakteria waliozaliwa humo. Ndiyo makazi yao. Yupo mmoja, Mycobacterium marinum, wa ukoo mmoja na kifua kikuu. Aligunduliwa mwaka 1926 na Aronson, kwenye samaki wa bahari waliokuwa wakifugwa Philadelphia, Marekani. Hupenda joto la nyuzi 30 hivi, na tangi la sebuleni Dar halihitaji hita kulifikia. Huingia kwenye mchubuko mdogo tu, kisha ananyamaza. Wiki mbili, tatu, nne baadaye, kidonda ulishakisahau, panaota kinundu kisichopona. Watu wa mtaani kwetu hapo tunakimbilia duka la dawa, amoksilini. Huyu amoksilini haimtishi. Tiba yake ni dawa maalumu kwa miezi kadhaa, na daktari hawezi kukisia kama hujamwambia unafuga samaki. Kwa hiyo mwambieni, jamani, hata kama hajauliza.

Mimi nilikuwa namtazama Injinia. Mke wangu alikuwa anamtazama mama yake. Bibi Feri ana kisukari, miguu yake tunaikagua kila jioni, na ndiye anayewalisha samaki kwa vidole akiwaita wajukuu. Katika maji ya chumvi yenye joto huweza kuwamo Vibrio vulnificus, ambaye hasubiri wiki: akiingia kidondani, mkono unaweza kuvimba na kuwa mwekundu ndani ya saa chache. Kwa mwenye kisukari au ugonjwa wa ini anaweza kuingia kwenye damu na kuua. Ukiona dalili hizo usingoje kesho. Ni hospitali usiku huohuo.

Injinia akapelekwa bombani kama mtoto, maji yakitiririka na sabuni, akafungwa plasta. Jiwe lilinyanyuliwa na binti yetu Nasra, tunayemwita Mkaguzi, kwa glovu ndefu za mpira, huku akimchunga tasi, kwa sababu miiba yake ina sumu na anapochoma huchoma kwelikweli. Wavuvi huloweka mkono kwenye maji ya moto yanayovumilika, na wana haki, kwani joto huivunja sumu ile.

Siku hizi hakuna anayegusa tangi kabla Mkaguzi hajamgeuza viganja, hata mimi mwenye nyumba. Bibi Feri kapewa kijiko cha plastiki na analalamika kwamba wajukuu hawakipendi. Kidole cha Injinia kimefunga vizuri, na dada yake bado anakiangalia. Nilidhani tumemaliza. Jana nimemkuta na futi kamba anapima ukuta wa korido, na mama yake ndiye aliyemshikia ncha ya pili.