Wateja Waje Barazani: Mwongozo kwa Wakili Mwenye Afisi Nyumbani

Nunua benchi. Kabla ya kompyuta, kabla ya kabati la faili, kabla hata ya kuchagua rangi ya ukuta, nunua benchi refu la mbao uliweke nje ya mlango, upande usiopigwa na jua la alasiri. Kama nyumba yako ni ya kizamani na ina baraza la mawe, basi waliokutangulia wameshakununulia. Mteja wa Mombasa, awe wa Likoni, Kisauni au Changamwe, haingii moja kwa moja kwa wakili. Huketi kwanza. Huulizia watoto, hulalamikia joto, hutazama nani ameingia na nani ametoka, na ametoka na uso gani. Akiona mwenzake aliyeingia na karatasi ametoka na karatasi yake ile ile mkononi, ndipo huinuka akabisha hodi.

Mimi afisi yangu ni sebule yangu, Likoni. Mawakili wachanga huniuliza, "Dada, wateja unawatoa wapi?" Wengi wao wamepiga hesabu ya kodi ya chumba kule kisiwani karibu na mahakama, wakaona afadhali waanzie nyumbani, kisha wakakaa mwezi mzima wakitazamana na ukuta. Nawajibu hapa kwa pamoja. Yote yanaanza na mfuko.

Atakayekuja wa kwanza ni bibi wa mtaa wa pili, na atakuja na mfuko wa plastiki. Mfuko wenyewe ni wa kabla ya 2017, mwaka mifuko hiyo ilipopigwa marufuku Kenya, na umetunzwa kuliko vyombo vya kabatini. Ndani mna stakabadhi za kodi ya ardhi zilizofungwa kwa uzi. Mna mapatano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule, yenye alama ya kidole gumba na sahihi ya mzee wa mtaa aliyekwisha kufa. Na juu kabisa mna barua mpya ya Kiingereza yenye muhuri. Barua hiyo imelala ndani wiki mbili. Mjukuu alimsomea nusu, akanyamaza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee hii. Usinifiche kitu."

Msomee. Yote, mstari kwa mstari, kwa Kiswahili anachokisema yeye, kisha umwambie tarehe iliyo muhimu na uiandike kwa tarakimu kubwa juu ya bahasha. Kazi hiyo haizidi dakika kumi na mimi siitozi. Bibi huyo ana dada Mtongwe, ana shemeji Shika Adabu, na kila jioni ana watu wa kunywa nao kahawa. Kabla ya Isha mtaa mzima utajua kwamba yuko wakili anayesoma barua bila kufoka.

Ukitaka kumfaa kweli, yajue ya ardhi ya huku kabla hajafungua mfuko. Mombasa tuna kitu ambacho wenzetu wa bara hukishangaa: nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, bati ni lako, kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi. Baba mwenye kiwanja alikuwa mtu wa kuelewana. Amekufa, warithi wameuza, na mnunuzi mpya hataki kusikia habari ya stakabadhi. Mizizi ya taabu hii ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani wajitokeze wadai chao, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Wengi waliokuwa wakilima na kuzikana hapo hawakudai, na wajukuu zao ndio wanaoitwa maskwota leo.

Hapo utakutana na neno linalotembea kila kibaraza: "Miaka kumi na mbili." Watu wameshika kwamba ukikaa juu ya ardhi miaka 12, ardhi ni yako. Sheria inayo njia hiyo, lakini ina masharti, na masharti ndiyo hayasemwi barazani. Aliyekuwa akilipa kodi alikaa kwa ruhusa, na mwenye kukaa kwa ruhusa miaka hiyo haihesabiwi kwake. Ardhi ya umma nayo haichukuliwi kwa njia hiyo. Kwa hiyo zile stakabadhi za bibi zinakata pande mbili: zinaonyesha kwamba hakuvamia, na papo hapo zinamfungia mlango wa miaka 12. Ni uchungu kumwambia mtu hivyo huku chai yake iko mezani. Mwambie. Kisha mwambie lililo upande wake: hata anayehesabiwa kuwa amekalia ardhi ya mtu binafsi kinyume cha sheria, Sheria ya Ardhi inataka apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kuondolewa, na anaweza kwenda mahakamani kuipinga. Tingatinga la alfajiri si notisi.

Likoni wanalijua jambo hili kwa shamba la Waitiki. Ekari 930, familia maelfu za maskwota, na ugomvi wa karibu miaka ishirini tangu vurugu za 1997, mpaka Serikali ilipolinunua kwa shilingi bilioni 1.1 na hatimiliki zikaanza kutolewa Januari 2016. Watu walicheza ngoma siku ile. Baadaye wakaelezwa kwamba Serikali inataka irudishiwe gharama, na hapo ndipo wengi walipotafuta wa kuwasomea walichotia sahihi. Wakili alipaswa kuwa barazani siku ya ngoma, kabla ya sahihi.

Kibao cha jina weka, ila kiwe kidogo na cha kweli. Zamani wakili wa Kenya hakuruhusiwa kujitangaza. Kesi ya Okenyo Omwansa ya 2012 ililegeza kamba, na mwaka 2014 zikatoka kanuni zinazoruhusu tangazo lenye mipaka, lisilopotosha mtu. Usiandike kwamba hushindwi kesi. Usitume vijana na kadi zako kwenye milango ya hospitali na vituo vya polisi, wala usimkatie dalali fungu la ada yako. Sheria ya Mawakili imeyakataza yote mawili, na mimi nina sababu yangu ya kuyachukia.

Aliingia kwangu kijana mmoja wa Changamwe anayetembea kwa gongo. Aligongwa na lori. Akiwa bado kitandani, alijiwa na mtu aliyevaa vizuri, akaambiwa, "Mdogo wangu, wakili wako yupo, weka kidole hapa." Akaweka. Mtu yule akaondoka na ripoti ya polisi na karatasi za daktari. Kila alipopiga simu aliambiwa kesi inaendelea, kisha simu ikaacha kushikwa. Alipofika kwangu nikatafuta kesi kwa jina lake, sikuikuta. Nikahesabu tarehe kwa vidole, nikahesabu tena. Miaka mitatu ya kufungua kesi ya ajali ilikuwa imepita na miezi minne juu yake. Ipo njia ya kuomba muda zaidi, lakini ni nyembamba, na yeye siku zote alijua kaumia na alijua lori la nani. Nilimwambia. Aliniuliza kama akirudi kesho na mamake itasaidia.

Tangu siku hiyo nimetundika ubao ukutani juu ya benchi, wa chaki kama wa shule, na huo umeniletea wateja kuliko chochote nilichowahi kulipia. Umeandikwa hivi: Ajali, miaka 3. Deni au mkataba, miaka 6. Ardhi, miaka 12. Kufutwa kazi, miaka 3. Gari la Serikali limekugonga, miezi 12 tu. Watu huusoma wakisubiri tuktuk. Kuna siku mwanamume alisimama mbele yake na mkate mkononi, akausoma mara mbili, akaja moja kwa moja mlangoni bila hata kuketi.

Ukiwa Changamwe, saa zako zifuate zamu za bandarini. Kibarua wa yadi za makontena hawezi kuja saa nne asubuhi. Akija hana kazi kesho. Mfungulie baada ya Magharibi. Muulize swali moja wenzako wengi hawaulizi: umefanya kazi mfululizo kwa muda gani? Sheria ya Ajira inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa wa kutwa, ana haki za notisi na likizo. Wengi wana miaka sita pale getini na bado wanajiita vibarua. Huyo ukimwambia hivyo saa mbili usiku, kesho yake ataleta wanne.

Na usidhani kesi za sebuleni ni ndogo. Kesi ya Owino Uhuru, kule Mikindani, ilianzia kwenye nyumba za watu waliokuwa wakiishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kwa mama kama Phyllis Omido, aliyefanya kazi kiwandani humo akagundua mtoto wake ana madini ya risasi mwilini. Kesi ilifunguliwa 2016. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa ikawapa wakazi shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaivuruga hukumu hiyo 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Miaka minane. Ushahidi wake ulikuwa damu ya watoto na vyeti vya kliniki ambavyo akina mama hawakuvitupa. Kwa hiyo mtu akikuletea karatasi usiyoona maana yake, piga nakala, mrudishie ya kwake.

Pesa izungumze mapema, kabla hadithi haijafika katikati. Jirani huona haya kuuliza bei, na wewe utaona haya kuitaja, na haya za watu wawili ndizo zinazozaa kinyongo. Mimi husema, "Mama, kuisoma ni bure. Kuijibu ni kiasi fulani, nitakuandikia hapa." Amri ya malipo ya mawakili imeweka viwango, na kushuka chini yake hakuruhusiwi hata kwa shemeji. Kulipwa kesi ikishinda tu nako sheria haikubali. Unachoweza ni kumgawia malipo vipande vipande, umpe risiti kwa kila kipande, hata cha mia mbili. Namba ya M-Pesa ya kazi isiwe ile ya kununulia unga, na fedha za wateja zikae kwenye akaunti yao. Ukiletewa madafu au changu wabichi, pokea kwa mikono miwili. Hiyo ni zawadi, usiikate kwenye ada wala usiidai.

Kubwa zaidi ni siri, na nyumbani siri ina maadui wengi. Nyumba ina mlango mmoja. Wiki moja alikuja mke mdogo Jumanne kuuliza habari za mirathi kwa Kadhi. Alhamisi akaja mke mkubwa wa bwana huyo huyo, akakaa mahali pale pale. Nina daftari la majina. Kila mtu akiingia, mimi hulifungua kabla hajaniambia neno, nikatazama kama mpinzani wake alitangulia. Nilimwambia mke mkubwa, "Mama, hili siwezi kulishika, lakini nitakupa majina ya mawakili watatu." Alikasirika, na ilikuwa haki yake kukasirika, sababu sikuweza kumwambia. Baada ya miezi alirudi na jambo jingine kabisa, la ploti yake ya Timbwani, akasema amerudi kwa sababu jina la aliyemtangulia hakuwahi kulisikia popote. Watoto wangu wanajua kwamba wakati pazia limeteremshwa hata maji ya kunywa hayaombwi. Kabati lina kufuli, funguo nalala nazo.

Jana asubuhi nilifungua mlango kabla ya saa kumi na mbili, feri zikiwa bado zinavusha watu wa zamu, nikamkuta yule bibi wa stakabadhi ameshaketi. Kesi yake bado iko mahakamani, na kwenye ile nyumba bado analala. Kando yake yuko mzee nisiyemjua, kofia ya kazi kichwani, viatu amevivua akavipanga chini ya benchi. Magotini kashika mfuko.

"Huyu ni kaka yangu wa Mtongwe," bibi akasema. "Nimemwambia wewe husomi nusu."